Kitanda Nilichokiacha Rouen

Vijana wangu wa ghorofa ya tatu na ya nne, siku ile mliyoniaga kwa keki iliyoandikwa jina langu kwa makosa, mliniomba niwaandikie mambo machache ya kazi. Supavaiza alisema ukurasa mmoja unatosha. Mimi nimesafisha vyumba vya hoteli katika miji mitatu, Louisville, Columbus na hapo kwenu Buffalo, na ukurasa mmoja hautoshi hata kueleza pazia la bafuni. Kwa hiyo mtanivumilia. Nani alipandishwa cheo na lini, waulizeni wanaopenda habari hizo. Mimi nitaanza na siku ya kwanza, kwa sababu siku hiyo nilifundishwa jambo lililokuja kunitia matatani nikiwa mstaafu, tena Ufaransa, tena nikiwa mgeni wa heshima mwenye chumba kilicholipiwa.

Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Tanzania, na huko kambini nilikuwa fundi cherehani. Tulipoletwa Louisville, mimi, Mama Neema na watoto, tulipewa nyumba mtaa wa Beechmont, na baada ya majuma machache nikapata kazi katika hoteli moja kubwa ya katikati ya mji. Nilijisemea kwamba kazi yenyewe ni vitambaa, na vitambaa navijua. Kumbe kitanda cha Kimarekani sikukijua. Kina shuka la chini, shuka la juu, blanketi, shuka jingine la kulifunika blanketi, na mito sita ambayo minne kati yake hakuna anayeilalia. Kitanda changu cha kwanza kilinichukua dakika arobaini. Nilirudi nyuma hatua mbili nikakitazama, nikajiona mtu.

Aliyepewa jukumu la kunifundisha alikuwa Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, mwenye mwili mdogo na sauti ya mwalimu mkuu. Alikizunguka kile kitanda mara moja, akashika kona ya shuka, akavuta, na vyote vikashuka sakafuni mpaka godoro likabaki uchi. Kisha akakitandika mwenyewe huku akiniuliza habari za watoto wangu, na kabla sijamaliza kuwataja majina alikuwa amekwisha. Kona za shuka alizikunja kama bahasha, zikakaza. Alinifundisha kubisha mara tatu na kungoja, kuanza juu na kumalizia chini, kukagua kwa kiganja kwa sababu jicho linadanganywa na mwanga, na kufungua kabati la nguo kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Halafu akanipa sheria yake kubwa, akiwa amesimama mlangoni na mkono kiunoni.

"Bon, Zakaria. Chumba ikiisha, mutu asijue kama kuna mutu alilalaka humu."

Niliishika sheria hiyo kuliko nilivyowahi kushika somo lolote la shule. Nilichukua mswaki mzee, nikaupasha moto jikoni nikaupinda shingo, ukawa unafika nyuma ya mabomba ya sinki ambako kitambaa hakifiki. Nilikata sponji la godoro kuukuu nikajishonea pedi za magoti. Vitu hivyo viwili nimetembea navyo miji yote mitatu, na mswaki huo sasa ni wa tano au wa sita wa ukoo wake.

Sasa niwaambie habari ya kofia, ambayo sijawahi kumwambia mtu wa kazini. Louisville ina majira ya mbio za farasi, na wageni wa kike huja na kofia ambazo mtu asiyezijua hawezi kudhani ni za kuvaliwa kichwani. Nilikuwa bado katika miezi yangu ya majaribio. Sheria ya vyumbani ni moja: kilichomo ndani ya pipa la taka ni taka, kilicho nje ya pipa ni mali ya mgeni. Katika chumba kimoja nikakuta juu ya mdomo wa pipa kitu chenye manyoya, waya na nyavunyavu za zambarau. Hakikuwa ndani, hakikuwa nje. Nilikizunguka. Nikamwazia kuku aliyegongwa na gari. Nikaamua ni taka, nikakitia kwenye mfuko wa taka pamoja na makopo ya soda, na muda si mrefu kilikuwa kimepita kwenye mashine ya kugandamiza uchafu.

Mwenye kofia alilia pale lobi kama mfiwa. Meneja akatuita mimi na Mama Furaha, akauliza ni nani aliyesafisha chumba kile. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini nilimwona Neema na wadogo zake, nikaona barua ya kuachishwa kazi, na sauti haikutoka. Mama Furaha akasema kwa Kiingereza chake kifupi kwamba ni yeye. Meneja hakumfukuza kwa kuwa alikuwa mkongwe, ila alimtoa vyumbani akampeleka chini kwenye chumba cha kufulia, kwenye joto na mvuke, yeye aliyependa madirisha. Alistaafu akiwa hukohuko chini. Nilipomfuata kumshukuru aliniambia ninyamaze nikamalize ghorofa yangu. Nikanyamaza kweli. Niliogopa, vijana wangu, sina neno zuri zaidi ya hilo, na aibu yake nimeibeba mpaka juzi.

Tulihamia Columbus kwa ajili ya ndugu wa mke wangu aliyekuwa Reynoldsburg, kando ya mji huo, nikapata kazi katika hoteli ya wageni wa mikutano. Huko kofia ilinifuata kwa namna nyingine: nilikuwa siwezi kutupa kitu. Nilikuta nusu ya sandwichi juu ya meza, nikaitia kwenye mfuko wa vitu vilivyosahauliwa, nikaandika namba ya chumba na tarehe. Nilihifadhi puto lililoisha pumzi. Nilihifadhi soksi moja yenye tundu, na mwenyewe alipopigiwa simu alidhani anatishwa. Supavaiza wangu wa huko, mama mmoja mpole sana, alinikalisha chini akaniuliza kama kuna jambo ninalotaka kuzungumza. Nikasema hakuna. Kila mwaka mpya nilimpigia Mama Furaha simu kumwambia ukweli wa kofia ile, kwamba nilipaswa kusema, na kila mwaka tukaishia kuzungumza habari za hali ya hewa.

Buffalo mnaijua wenyewe. Nitakumbusha moja tu, ule msimu wa theluji iliyoziba milango, wageni wakakwama na sisi tukakwama nao. Mlikuwapo baadhi yenu. Meneja alituruhusu wafanyakazi tulale katika vyumba vilivyobaki wazi. Mimi nilipewa chumba nilichokisafisha mwenyewe asubuhi ile, na kwa siku tatu nililala kwenye zulia kando ya kitanda. Nilitandika blanketi la akiba nikajikunyata hapo. Mlinicheka, na mlikuwa na haki, lakini kuivuruga kazi ya mtu aliyeikunja kona vile nilishindwa, hata kama mtu mwenyewe ni mimi.

Ndipo nikastaafu, na watoto wangu wakaja na zawadi. Kambini Mama Neema alikuwa na karatasi ya kalenda aliyoibandika ukutani miaka mingi, yenye picha ya kanisa kubwa la Rouen, kule Ufaransa. Karatasi ilikuwa ya mwaka uliokwisha pita, lakini hakuruhusu itolewe. Neema, ambaye nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, alituambia amekata tiketi na amelipia hoteli ndogo katikati ya mji wa zamani, hatua chache kutoka kanisani, usiku nne. Akanionya mbele ya mama yake kwamba nisiende kukagua.

Sikukagua. Nilitazama. Hoteli yenyewe ni nyembamba, ya ngazi za mbao zinazozunguka, haina lifti, vyumba havifiki ishirini. Chetu kilikuwa juu, ukuta una karatasi ya maua ya buluu, na dirisha linatazamana na nyumba ya zamani ya mbao na lipu iliyoinama kuelekea kwetu kama jirani anayetaka kusikia tunasema nini. Juu ya fremu ya mlango nilipitisha kidole mara moja tu. Kulikuwa na vumbi kidogo, la kusameheka. Ufunguo ulikuwa na kishikio cha shaba kizito kama mchi, makusudi mtu asitembee nao mjini, na pale mapokezi kibao kinaomba kila mgeni auache anapotoka.

Asubuhi ya kwanza niliamka, nikaenda kunawa, na niliporudi mikono ilikuwa imekwisha anza. Mama Neema akaniambia tumelipiwa. Nikamjibu ninanyoosha tu. Kunyoosha kukafika kwenye kona, kona zikataka zikunjwe, na kitanda kilichokunjwa kona hakiwezi kukaa karibu na sinki lenye matone. Nikalikausha sinki kwa taulo, nikaikunja taulo. Nikaifunga miswaki yetu mfukoni, nikaingiza sanduku na viatu kabatini, nikafungua dirisha kutoa harufu ya usingizi, nikaikunja ncha ya karatasi ya chooni ikawa pembe tatu. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na koti mwilini na mwavuli mkononi, ananisubiri kama anayesubiri basi. Tulishuka, tukauacha ufunguo mezani kama kibao kinavyotaka. Mtu wa mapokezi alikuwa kwenye simu, akatupungia.

Kanisani Mama Neema alisimama chini ya vioo vya rangi akalia kimyakimya, na mimi nilifurahi kuliko nilivyotarajia. Tulirudi saa tisa alasiri tumelowa. Ufunguo haukuwapo kwenye ndoano yake, na mapokezi kulikuwa na binti mwingine ambaye hatukumfahamu wala hakutufahamu. Tukapanda tukidhani mlango uko wazi kwa sababu ya usafi. Ulikuwa wazi kweli. Ndani kulikuwa na wanaume wawili Wajerumani, waendesha baiskeli, soksi zao ndefu zinachuruzika dirishani, na mmoja amejinyoosha juu ya kitanda changu na viatu miguuni. Niwe mkweli: kilichoniuma kwanza ni viatu. Suala la kwamba hatuna chumba lilinijia baadaye.

Chini akaitwa mwenye hoteli, Madamu mmoja wa makamo, miwani yake inaning'inia kwa kamba shingoni. Kifaransa changu ni cha shule ya kambini, lakini kilitosha kufuata. Ufunguo uliachwa, mtu wa mapokezi wa asubuhi akadhani tumeondoka kabisa kabla ya siku zetu. Msafishaji alipoingia hakuona dalili ya mgeni, akaandika kwamba chumba ni kitupu. Chumba kitupu, baiskeli mbili mlangoni, mvua nje, kikauzwa. Madamu akamwita huyo msafishaji.

Akaja binti mwembamba mwenye aproni ya kijivu. Aliposikia shtaka akaweka kiganja kifuani, akajisemea mwenyewe kwa sauti ya chini, na nywele zilinisimama kwa sababu ilikuwa sauti ya Bukavu kabisa.

"Mungu wangu. Ile chambre haikukuwa hata na alama ya mutu."

Jina lake Riziki. Alikuwa na miezi miwili kazini, bado ya majaribio, na kabla ya hapo alikuwa amekwisha kosea jambo jingine. Madamu hakupaza sauti. Alimwambia jioni apite ofisini na airudishe aproni ikiwa imekunjwa. Kisha akatugeukia sisi na uso mwingine kabisa, akatuomba radhi, akatuambia sanduku letu limepatikana kabatini, tutapewa chumba kikubwa zaidi chenye kuliona kanisa kutoka kitandani, na chai ya asubuhi ni juu yake mpaka siku ya kuondoka. Akaninyooshea ufunguo mpya. Kazi yangu ilikuwa kuupokea tu.

Nikaunyoosha mkono. Naandika haya ili mjue kwamba niliunyoosha. Riziki alikuwa anatazama sakafu, na mimi nilikuwa nimesimama tena katika lobi ya Louisville, mdomo wazi, hakuna kinachotoka. Hapo Mama Neema, ambaye ndiye peke yake duniani niliyepata kumweleza, akanisogelea akasema polepole:

"Kofia hiyo, Baba Neema."

Nikaurudisha mkono. Nikamwambia Madamu kwamba kosa ni langu. Nilikitandika kitanda mwenyewe, nilificha kila kitu, na chumba kile hata mimi ningekiandika kitupu. Madamu akatabasamu kama watu wanavyomtabasamia mzee mwenye moyo mwema. Akasema amesikia tukizungumza lugha moja na yule binti, ni jambo zuri kusaidiana, lakini yeye ana miaka mingi katika hoteli na hakuna mgeni anayetandika vile. Shuka lilikuwa limekaza. Karatasi ya chooni ilikuwa na pembe.

Jamani, nimewahi kutukanwa kazini kwa lugha nne, lakini kusifiwa kwa namna hiyo kulinikera. Nikamwomba anipe chumba chochote chenye kitanda kisichotandikwa. Akasita. Wale Wajerumani, ambao walikuwa wameshuka kuona kuna nini, wakasema wangependa kuona. Tukapanda sote hadi chumba cha ghorofa ya kwanza ambacho mgeni wake ameondoka mchana. Nikavua koti nikampa mke wangu. Pedi zangu za magoti zilikuwa Buffalo, kwa hiyo nikapiga goti bila pedi, na goti likatoa mlio uliomfanya Madamu aulize kama niko salama. Nikafungua kabati kwanza. Nikamtazama Riziki wakati nalifungua, naye akaelewa, akafumba macho. Kisha nikatupa shuka la chini, likashuka mahali pake kwa mtupo mmoja, Mungu ni mwema, maana lingeweza kunidhalilisha. Kona nne, blanketi, foronya, taulo. Nilikuwa natweta kama mtu aliyepanda mlima, na miaka yote nilikuwa nayo mikononi. Nilipomaliza pembe tatu ya karatasi ya chooni, Mjerumani mmoja akapiga makofi.

Madamu alivaa miwani yake. Alizunguka kitanda, akajaribu kuingiza kidole kwenye kona, akashindwa. Halafu akaniuliza, bila utani hata kidogo, kama ninatafuta kazi.

Nilimjibu kwamba anaye mtu tayari, ila hajafundishwa kufungua kabati, na hilo linafundishika kwa siku moja. Akamgeukia Riziki akamwambia aproni aendelee nayo. Binti akatutangulia kutufungulia chumba kipya, na pale mlangoni akanishika mkono kwa mikono miwili. Nilitegemea shukrani.

"Papa, aksanti. Lakini kesho, nakuomba, acheni mi nitatandika. Weye ukitandika tena, donc wataniuliza mi niko nafanya nini hapa."

Alasiri hiyohiyo nilimpigia Mama Furaha Louisville, kwake ilikuwa asubuhi. Safari hii sikuanza na hali ya hewa. Nilimweleza kofia yote, kwamba nilimwacha abebe kosa langu, kwamba mvuke wa kule chini ulikuwa wangu na si wake.

"Ile meneja alishahamia Shively, iko nauzisha magari," akasema. "Sasa unaniambia mimi, nitamuambia nani?" Akacheka kile kicheko chake kifupi, kisha sauti ikashuka. "Nilikungojea useme, Zakaria. Siku ya kwanza nilikungojea sana. Kisha nikaacha. Bon. Umesema."

Akaniuliza hoteli ikoje, akaniamuru nigeuze simu aione, akauliza kama nimepitisha kidole juu ya mlango. Nikamwonyesha kitanda kipya, mito, dirisha lenye kanisa. Nikamwambia na yaliyotokea, kwamba sheria yake ndiyo iliyotutoa chumbani. Akanipa sheria mpya.

"Bon. Kesho usitandike. Wajue kama mulilala humo."

Asubuhi iliyofuata niliamka, nikanawa, nikavaa. Shuka lilikuwa limejikunja katikati, upande wangu blanketi limening'inia hadi sakafuni, na mto wa Mama Neema bado una shimo la kichwa chake. Taulo iliyolowa ilikuwa juu ya kiti. Nimefanya kazi ngumu nyingi, mnazijua, lakini kutoka mlangoni siku ile niliihesabu kuwa ndiyo ya mwisho na ndiyo nzito. Kwenye ngazi ya tatu nikasimama. Mke wangu aliushika mkono wangu wa kulia, ule wa kuvutia shuka, akaufumbata kwa nguvu ndani ya wake, na hakuuachia mpaka tulipofika barabarani.